Uso wa Mkwe Kwenye Shuka

Kyela mjini
9 Agosti 1999

Kaka Kheri, shikamoo.

Mimi mzima, na baba yako mzee Mudathiri mzima, duka linakwenda. Ulisema niandike kama ninavyoongea, basi ndivyo naandika. Darasa langu la nne unalijua.

Kile kioo ulichotuma nimekiweka juu ya ile projekta ya semina kama ulivyochora. Taa inapiga toka chini, inapita kwenye kioo, inapanda kwenye lenzi, inatua kwenye shuka. Picha imetoka. Kubwa kaka, kama ukuta wa ghala la mpunga. Lakini watu wamekuwa mabonge. Mtu akigeuka, uso unabaki nyuma kama moshi halafu ndiyo unamfuata. Tuliweka kaseti ya mpira, mpira wenyewe hatukuuona. Abasi kinyozi akasema, "Hawa wanakimbizana na nini, na inzi?" Watu wakacheka, wakaanza kutoka. Mzee Mudathiri kasema kama ndiyo hivi anarudisha televisheni yake.

Ila wapo waliopenda. Walikuja wamama kutoka Matema na shangazi Naomi mbele yao. Huyu ni dada yake mzee Lameck, na mzee Lameck ndiye mkwe wa dada yangu Keziya. Mzee aliozesha kijana wake mdogo mwezi wa sita, akaleta mtu wa kamera toka Mbeya. Sasa anataka hiyo harusi ionyeshwe Matema kwenye shuka, kijiji kizima kione. Shangazi alikuja kukagua.

Wewe umekulia dukani, sijui kama haya ulishika. Kwetu mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Akimsikia anakohoa njiani anaingia migombani. Jina lake halitaji. Wengine siku hizi wameacha, wanasali pamoja na kula pamoja, ila nyumba ya mzee Lameck haijaacha. Wanasema mkamwana akimtazama, kinachoumia ni kilichoko tumboni.

Basi shangazi akakaa mbele kabisa, akatazama mabonge yetu mpaka mwisho. Akasimama akakung'uta kanga. "Hapa mtu hajulikani. Hata mama yake mzazi hamjui. Wakamwana wanaweza kuja."

Nikafurahi kwa ajili ya Keziya. Ana mimba. Mbili za kwanza zilitoka zikiwa na miezi mitano, na hii inaelekea huko huko. Naogopa hata kuiandika.

Nitumie kioo kizuri kaka, au basi tuache.

Mdogo wako,
Nsajigwa


Dar es Salaam, Kariakoo
23 Agosti 1999

Nsa mwanangu,

Abasi mwambie inzi yuko kichwani kwake. Na baba mwambie asiguse televisheni, dawa ya mabonge inakuja kwenye basi wiki hii au ijayo.

Nikueleze ujue unachoshika. Katikati ya vile vioo viwili kuna kimiminika. Si maji, na si kioo, kipo katikati. Kimegawanywa vidirisha vidogo vidogo. Umeme ukigusa kidirisha kinafunga, ukiachia kinafungua, na mwanga unapita au haupiti. Hiyo ndiyo picha yote. Kile cha kwanza kina vidirisha vichache na ni vivivu, ndiyo maana uso unachelewa. Hiki nimekitoa kwenye kompyuta ya mkononi iliyokanyagwa na gari ya ofisi moja. Vidirisha vyake huvioni kwa macho, na kila kimoja kina swichi yake. Nimeua viwili kabla ya hiki, nimeunguza vidole, na mwenye chumba anataka kunifukuza kwa harufu ya risasi ya kulehemu. Lakini nimekiamsha. Nsa, usiku ule nilikaa nakitazama kama mtu aliyeoa.

Sharti moja. Joto. Feni isisimame hata kidogo. Kimiminika kikipata moto kinazimia.

Habari ya wakwe umeieleza ndefu, sikuishika sana. Nilichoshika ni mabonge. Hiki hakina mabonge. Tukifaulu hiki, tunaunda vingine, na Mbeya nzima watakuja kwetu.

Ndugu yako,
Kheri


Matema
4 Septemba 1999

Mdogo wangu Nsajigwa,

Ugonile. Sisi wazima. Tumbo lipo, nalishika asubuhi kabla sijashika kitu kingine.

Hapa nyumbani wanaongea harusi kwenye shuka, harusi kwenye shuka, mpaka watoto wanacheza hiyo harusi. Shangazi kasema na sisi wakamwana tutakuja. Wenzangu wameshafua kanga. Mimi nataka kuja na naogopa kuja.

Mwaka wa nne huu niko hapa. Najua anavyokohoa. Najua fimbo yake inavyogonga, najua harufu ya tumbaku yake ikibaki mlangoni. Uso siujui. Wale wawili walipotoka, wamama walinikalisha chini wakaniuliza, hukumwona mahali? Hata kwa bahati mbaya? Mtoni, dirishani? Niliapa. Na ni kweli sikumwona. Lakini ukiulizwa mara nyingi na wewe unaanza kujiuliza.

Wewe ndiye mwenye mashine. Niambie ukweli, si ukweli wa kunipoza. Uso hauonekani?

Dada yako,
Keziya


Kyela
8 Septemba 1999

Dada Keziya, shikamoo.

Hauonekani. Nimetazama kwa macho yangu mara nyingi. Mtu ni bonge tu, bonge linacheza, bonge linapiga mpira. Shangazi mwenyewe alihakikisha. Njoo ukae, ucheke na wenzako kidogo, umeogopa sana mwaka huu.

Nitaleta sukari.

Nsajigwa


Kyela
15 Septemba 1999

Kaka Kheri,

Nimeona nyasi.

Kioo kilifika jana kimefungwa kwenye blanketi lako. Nimekiweka, nikaweka ule mpira. Nimeona nyasi za uwanjani, moja moja. Nimeona jasho. Nimeona mshabiki nyuma kabisa anakula muwa. Abasi kinyozi alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akauliza kama anaweza kuwaona wachezaji nyuma ya shuka. Mzee Mudathiri ametoa soda.

Mimi huwa siongei mbele za watu, unanijua. Jana nilisema kwa sauti, "Hii nimeifunga mimi." Wakageuka kunitazama nikaona aibu, ila nilisema.

Kaseti ya harusi bado iko kwa mzee Lameck, sijaijaribu. Jumamosi napanda pikapu na jenereta kwenda Matema. Dada yangu atakuwepo. Nataka aone.

Nsajigwa


Kyela
21 Septemba 1999

Kaka Kheri, shikamoo.

Barua huwa tunasema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Safari hii hofu iko huku.

Nakueleza ilivyokuwa. Tulishona mashuka mawili pamoja, tukayafunga kwenye kamba kiwanjani kwa mzee Lameck, mlima mgongoni kwetu na ziwa mbele. Mzee akakaa kwenye viti na wazee wenzake, mbele kabisa. Wakamwana wakakaa upande wa pili wa shuka, kwa sababu kiwanja kimoja na mkwe hawakai. Shuka ni jepesi, mwanga unapita, upande ule wanaona vilevile ila imegeuka, ya kulia iko kushoto. Shangazi Naomi alikaa nao kuwalinda.

Giza lilipoingia nikawasha. Bibi harusi, vigelegele. Watu wakaanza kujiona.

"Yule mimi! Yule mimi, nina shati la bluu!"

"Kumbe Ezra ulichukua nyama mara mbili, na ukaapa hukupata!"

"Nilimchukulia mtoto."

"Mtoto gani, mbona unatafuna wewe?"

Kiwanja kizima kinacheka, na mimi nacheka peke yangu kwenye mashine. Halafu mtu wa kamera akamvuta mzee Lameck karibu. Uso wake ukajaa shuka lote. Kaka, ndipo nilipokumbuka. Hapo hapo, si kabla. Yale mabonge aliyoyakagua shangazi hayakuwepo tena. Niliyatoa mimi kwa mkono wangu nikayaweka kwenye sanduku.

Nilimwona mzee mvi kwa mvi. Sikio lake la kushoto limejikunja juu kama jani lililokauka, hata hilo nililiona. Nilitaka kuzima, mkono ukakataa. Kule nyuma shangazi akapiga kelele, "Funikeni! Funikeni macho!"

Upepo wa mlimani ukashuka. Ukalibeba shuka juu mpaka kwenye kamba, na uso wa mzee ukakosa pa kutua. Ukaenda mbele, ukatua kwa Keziya. Alikuwa amesimama. Macho ya mzee yalikuwa kifuani kwake na mdomo wa mzee uko tumboni kwa dada yangu, unatembea, unaongea.

Wenzake wote walikuwa wamejifunika. Yeye kanga ilikuwa mabegani. Alikuwa anatoka kutazama shuka, macho bado wazi. Hili nakuambia wewe tu. Wazee niliwaona kwa mgongo, wakainamisha vichwa.

Shuka likashuka, uso ukarudi mahali pake, nikasema basi imepita. Haijapita. Wale wadudu wa ziwani wanaosimama juu ya maji kama moshi, walishafuata taa. Waliingia kwenye feni mpaka ikasimama. Mimi sikusikia feni, nilikuwa natazama watu. Uso wa mzee ukaanza kuwa mweusi. Si kuzimika, kaka. Kuoza. Pua kwanza, halafu mdomo, halafu ule weusi ukapanda ukala macho. Mwenyewe amekaa pale mbele anajitazama.

Watu walikimbia na viti.

Tangu siku ile mzee hajala. Amelala amegeukia ukutani. Wanasema uso wake umebaki kwenye mashine. Na Keziya sijaruhusiwa kumwona.

Niambie ule weusi ni nini. Usinifiche.

Nsajigwa


Matema
27 Septemba 1999

Nsajigwa,

Nakuandikia haraka, anayepeleka barua yuko mlangoni.

Nilifunika. Shangazi ametuita mmoja mmoja, mlango umefungwa, akauliza, ulitazama? Wote tumesema tulifunika. Anayesema alitazama anarudishwa kwao mpaka wazee wakae, na wakikaa wanaweza kukaa mwaka. Eliya mume wangu ananitetea, ila usiku anageuka huku na huku, na mimi najua anawaza nini. Baba yake anamalizika chumba cha pili. Anayepona ni mmoja, yeye au wa tumboni, ndivyo wanavyosema uani. Wakiniona wananyamaza.

Jana niliona damu kidogo.

Mtu akikuuliza, nilifunika. Na usije. Wanaitafuta ile mashine waitupe ziwani.

Ulisema hauonekani.

K.


Dar es Salaam
4 Oktoba 1999

Nsa,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa kwa mafundi wenzangu, wamecheka mpaka mmoja ameangusha koleo. Mkwe ameungua kwenye shuka! Usikasirike. Nimeisoma mara ya pili peke yangu, sikucheka sana.

Hakuna kilichooza. Nilikwambia kimiminika kikipata moto kinazimia. Vidirisha vinashindwa kujua viko upande gani, mwanga haupiti, unaona weusi. Unaanzia katikati kwa sababu ndipo taa inapopiga. Ndiyo hivyo tu. Ikipoa inarudi. Hata mimi mara ya kwanza nilidhani nimekiua, nikakiacha mezani, nikarudi nakuta kimepona chenyewe. Umekijaribu tena? Kijaribu! Na feni ifunge kipande cha chandarua, wadudu wasiingie.

Picha ni mwanga, Nsa. Mwanga hauna mkwe. Waambie hivyo.

Halafu baba ameniandikia eti umerudisha kwenye mashine kile kioo cha mabonge. Kwa nini?

Kheri


Kyela
12 Oktoba 1999

Dada Keziya, shikamoo.

Shangazi Naomi alikuja mpaka hapa dukani. Alinunua kiberiti, akasimama. Akaniuliza, "Wewe uliyekuwa kwenye mashine. Shuka lilipopanda, nani hakufunika?"

Nikasema, "Nilikuwa natazama feni."

Akasema, "Feni ilikuwa imesimama. Ungekuwa unaitazama ungejua."

Alichukua kiberiti chake akaondoka.

Dada, ulifunika. Nitasema hivyo hata wakinipeleka kanisani. Ila ile damu usimfiche nesi. Nenda hospitali, mwambie Eliya akupakie baiskeli polepole. Nesi hana habari ya shuka, atatazama mimba tu.

Nilichosema kwamba hauonekani, nilisema nikiwa na kioo kingine. Sijui niandike nini hapa.

Nsajigwa


Kyela
9 Novemba 1999

Kaka Kheri, shikamoo.

Hii usiwasomee mafundi.

Juzi kijana wa mzee Lameck alikuja na pikapu. "Mzee anakutaka, wewe na mashine." Nikajua wanakwenda kuitupa, na labda na mimi. Mzee Mudathiri alisema nisiende. Nilikwenda kwa sababu Keziya yuko kule.

Nikaingizwa chumbani kwa mzee. Madirisha yamefungwa, mchana. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Akawatoa watu wote, hata Eliya. Akanitazama muda mrefu.

"Wewe ni kaka yake."

"Ndiyo, tata. Mdogo wake."

"Huongei sana."

"Hapana, tata."

"Ndiyo maana nimekuita. Ule uso wangu uliungua?"

Nikamwambia kama ulivyoniandikia. Kimiminika, joto, feni, wadudu. Ikipoa inarudi. Akaniambia nirudie hilo la mwisho. Nikarudia.

"Basi nionyeshe ukirudi."

Jenereta ikawashwa nje. Kioo nilichoweka ni kile cha vidirisha vidogo, feni nimeifunga chandarua. Ukutani kwake pakatokea ile harusi. Kamera ilipomvuta karibu nilifumba macho, nasikiliza feni tu. Feni ikazunguka. Nikafumbua. Mzee mzima ukutani, anaongea, anacheka, anafuta mdomo, amepita. Wamekuja watoto wanacheza ngoma.

Mzee aliwatazama watoto mpaka wakapita. Halafu akasema, "Nimezeeka hivi na hamniambii?"

Sikujua kama ni ruhusa kucheka. Yeye hakucheka. Alishika sikio lake, lile, akalikunja na kulikunjua.

"Shuka lilipopanda," akasema, "wenzangu walitazama chini. Mimi sikuwahi."

Nikapunguza sauti ya kaseti.

"Nilimtazama. Yeye alikuwa ananitazama, na uso wangu uko juu yake. Miaka minne namsikia anachota maji, anaimba, ananyamaza nikipita. Wale wawili walipotoka nilimsikia analia ukuta wa pili na siwezi hata kumwambia pole. Sasa nimemtazama na ana mtoto. Hapa ndani siwezi kumuuliza mtu. Mkwe haulizi habari ya tumbo la mkamwana. Kila mtu akiingia nasikiliza kama atasema limetoka. Wanasema naumwa."

Akavuta pumzi.

"Bado yumo?"

Kaka, nilikuwa sijui. Barua ya Keziya sikuwa nimepata mwezi mzima. Nikasema nakwenda kuuliza. Nikatoka uani. Nilimkuta nyuma ya jiko anapepeta mchele. Tumbo liko mbele. Miezi mitano imepita, alinionyesha kwa vidole hata kabla sijauliza, kwa sababu wamama walikuwepo. Nesi alimlaza wiki mbili, damu ikakata.

Nikarudi. "Yumo, tata."

Mzee akageukia ukutani tena, nikaona mabega yanatikisika. Halafu akaita uji.

Kanikataza kusema. Kwako nimesema kwa sababu uko mbali na huna mkwe. Unasema mwanga hauna mkwe. Mimi nimeuona mwanga huo ulivyomlaza mtu mzima mwezi na nusu. Kioo chako ni kizuri, sijawahi kufunga kitu kizuri kama hiki. Lakini nitakuwa nauliza kwanza nani anakuja kukaa.

Nsajigwa


Kyela
11 Novemba 1999

Dada Keziya, shikamoo.

Kuna jambo nimekatazwa kusema, nami silisemi.

Nasema hili tu. Siku ile si wewe peke yako. Na mwenzako ameogopa kuliko wewe, ameogopa kwa ajili yako na huyo aliye tumboni, mpaka chakula kikamshinda. Hana kinyongo. Sasa anakula.

Barua hii ukiisoma ichome na kuni.

Nsajigwa


Matema
20 Februari 2000

Mdogo wangu Nsajigwa,

Ugonile. Nimejifungua. Wa kiume, Alhamisi asubuhi, hospitali. Analia kama jenereta yenu. Nilikuwa nataka kukuandikia siku ile ile, mkono ukaogopa, nikasema nisubiri kwanza aamke kesho yake. Ameamka. Jana ameamka. Leo ameamka.

Barua yako niliichoma. Nilikaa mbele ya moto mpaka ugali ukaungua, Eliya akauliza ninapika nini, nikasema moshi umeniingia machoni. Tangu siku ile kuna kitu kimebadilika ambacho hakuna anayekiona. Zamani baba yake Eliya akipita uani alikohoa mara moja, na mimi nakimbia hata kama nimeshika chungu. Sasa anaanza kukohoa tangu kule kwenye mikakao, halafu anasimama, anakohoa tena. Natembea polepole na tumbo langu mpaka migombani, nafika, ndipo anapopita. Hajawahi kunikuta nakimbia tena.

Sasa nikueleze la leo.

Wamama walikuja kumwona mtoto, wakaimba, wakala, wakaondoka. Akabaki shangazi Naomi ananikunjia nepi. Mtoto amelala mapajani kwangu na kofia yake. Mkono wangu ukaenda wenyewe, Nsajigwa, sikuutuma. Nikafunua kofia upande wa kulia. Nikakuta sikio zuri, limenyooka, la mtoto tu. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, basi, hakubeba kitu cha siku ile.

Halafu nikakumbuka nilikuwa upande gani wa shuka, ule ambao ya kulia iko kushoto.

Nikamgeuza. La kushoto limejikunja juu, dogo kama jani la maharage, limejikunja vilevile.

Nilipoinua kichwa shangazi ameacha kukunja. Alikuwa ananitazama tangu nilipoanza na la kulia. Katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kuniambia yule ana sikio la namna gani, na shangazi anajua hakuna, kwa sababu yeye ndiye anayetukataza. Nepi imebaki mkononi mwake. Nikasubiri aniambie nifunge mizigo yangu.

Akanyanyuka, akaja akapiga magoti mbele yangu. Akavuta ile kofia akalifunika sikio, akafunga kamba chini ya kidevu mafundo mawili.

"Baridi hii," akasema. "Mtoto mchanga hafunuliwi masikio."

Nikauliza kama mkamwana anavyotakiwa kuuliza. "Amefanana na nani, shangazi?"

Akachukua nepi yake akaendelea kukunja.

"Hilo," akasema, "wewe huwezi kulijua."

Dada yako,
Keziya